Bakapu ya Kompyuta ya Nyumbani: Ichague Kuanzia Siku ya Kurudisha

Wateja wengi wanaofika kwenye banda langu la ufundi hapa Ngamiani, Tanga, huanza na swali moja: "Fundi, ninunue diski gani?" Mimi huwauliza kwanza jambo jingine. Kompyuta yako ikifa usiku wa leo, kesho ni nani nyumbani atakayeketi mbele ya kompyuta nyingine na kuyarudisha mafaili? Wewe mwenyewe? Mkeo, ambaye ni katibu wa kikoba na hesabu zote za wanachama zimo kwenye Excel? Binti yako wa kidato cha tatu? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili yako. Diski inafuata baadaye.

Nasisitiza hivyo kwa sababu nimeona nyumba nyingi zenye bakapu isiyorudi. Faili lipo, lakini limefungwa ndani ya programu ambayo aliyeiweka yuko safarini Dodoma. Au lipo mtandaoni, kwenye akaunti ambayo hakuna anayekumbuka nenosiri lake. Au lipo kwenye flashi inayoonyesha majina ya mafaili yote, ila halifunguki hata moja. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja tu: mtu mwingine wa nyumba hiyo, bila kukupigia simu, aweze kulipata faili analolitaka kwa kompyuta yoyote atakayoazima. Njia inayofaulu hapo inafaa, hata ikiwa ya kawaida kabisa. Isiyofaulu iache, hata mafundi wakiisifu vipi.

Jua kwanza unalinda nini

Keti na kompyuta nusu saa. Bofya kulia juu ya folda ya Documents, chagua Properties, usome ukubwa wake. Fanya vivyo hivyo kwa Pictures, Videos, Desktop na Downloads, na uandike namba hizo kwenye karatasi.

Halafu gawa vitu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vile ambavyo vikipotea havinunuliki: picha na video za familia, skani za vyeti na hati ya kiwanja, hesabu za biashara, utafiti wa chuo unaoendelea kuandikwa, sauti ya babu mliyoirekodi akisimulia asili ya ukoo. Fungu la pili ni vinavyopatikana tena: Windows yenyewe, programu, filamu, tamthilia, miziki. Mara nyingi fungu la pili ndilo linalojaza mashine, na la kwanza huwa dogo kuliko mwenyewe alivyodhani. Bakapu ni kwa ajili ya fungu la kwanza.

Mambo mawili husahaulika hapa. Programu nyingi za hesabu na mauzo ya duka hutunza data yake kwenye folda yake yenyewe, mbali na Documents. Muulize aliyekuwekea data inakaa wapi, au tafuta kitufe chake cha bakapu na uielekeze iweke nakala ndani ya Documents. Jambo la pili ni picha za simu. Mtu simu yake inajaa, anazihamishia picha kwenye laptopu, anazifuta simuni, na anaamini amefanya bakapu. Picha zimehama tu. Bado ziko mahali pamoja, na sasa pahala hapo ni laptopu ya mtumba yenye betri iliyochoka.

Diski ya nje, ile ndogo

Kwa familia nyingi ninazozihudumia, diski ya nje ya USB ndiyo jibu la kwanza. Unainunua mara moja, haili bando, na siku ya kurudisha huhitaji kuomba mtandao wa mtu. Chukua yenye nafasi angalau mara mbili ya fungu lako la kwanza. Ukubwa wa TB 1, yaani GB 1,000, unazitosha nyumba nyingi kwa miaka kadhaa.

Zipo za aina mbili kwa umbo. Ile kubwa ya kukaa mezani, ya inchi 3.5, ina adapta yake ya kuchomeka ukutani. Ile ndogo, ya inchi 2.5, inakula umeme kutoka kwenye kompyuta kwa waya uleule wa USB. Kwetu sisi chukua ndogo. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri na diski inaendelea nayo, nakala inamalizika salama. Ile kubwa inazimika palepale katikati ya kuandika, na hapo ndipo mafaili yanapoharibika. Mwenye kompyuta ya mezani atafute UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, maana bila hiyo hakuna diski ya nje itakayokuwa salama.

Kuhusu diski za sahani zinazozunguka na SSD, zile za chipu zisizo na kinachozunguka ndani, sibishani sana. Ya sahani ni nafuu kwa kila GB, lakini haitaki kuanguka, hasa ikiwa inazunguka. SSD inavumilia begi, daladala na mikono ya watoto, ila ikiachwa kabatini miaka bila kupata umeme, chaji inayoshikilia data inaweza kuvuja kidogo kidogo. Diski ya kukaa nyumbani, nunua ya sahani. Ya kusafiri nayo, SSD. Flashi iachie kazi ya kubebea barua kwenda kuprintiwa steshenari, na ikirudi kutoka huko iskaniwe virusi kabla haijafunguliwa.

Sasa linaloniuma. Soko limejaa flashi na diski zinazodanganya ukubwa, na wanaoumia ni wale waliojinyima ili wanunue. Nimewahi kufungua kasha lililoandikwa TB 2, mwenyewe akiwa amesimama mbele yangu. Halikuwa na skrubu hata moja, plastiki imebanwa tu. Ndani mlikuwa na bodi ndogo ya kijani, kikadi cha kumbukumbu kama cha simu kimechomekwa na kumwagiwa gundi, na kipande cha chuma cha kuongeza uzito mkononi. Chipu ya vitu hivi imepangwa iiambie kompyuta uwongo kuhusu nafasi. Unanakili, kompyuta inakuambia kazi imekwisha, majina yanaonekana na ukubwa wake unaonekana. Lakini uwezo wa kweli ukishajaa, data mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani au haiandikwi popote. Hutajua mpaka siku ya shida.

Dawa yake ipo na ni ya bure. Kwenye Windows kuna programu ndogo iitwayo H2testw, haihitaji hata kusakinishwa. Inaijaza diski yote kwa data ya majaribio kisha inaisoma tena na kukuambia nafasi halisi ni ngapi. Kwenye Linux na Mac ipo F3, inafanya kazi ileile. Ifanye diski ikiwa bado tupu. Diski ya TB 1 inayokwenda MB 100 kwa sekunde itachukua karibu saa tatu kuandikwa na nyingine kama hizo kusomwa, kwa hiyo ianzishe jioni uende kulala. Kabla ya kutoa pesa, patana na muuzaji kwamba utaipima na ikiwa pungufu utairudisha, na udai risiti ya EFD. Ukikuta duka moja linauza robo ya bei ya maduka mengine, toka.

Kitu kingine kidogo: chomeka kwenye tundu la USB 3, ambalo kwenye laptopu nyingi lina ulimi wa bluu kwa ndani. Tundu la zamani la USB 2 linafanya kazi, ila utasubiri mara tatu zaidi.

Kuipanga kwenye Windows

Windows ina chombo chake cha kazi hii kiitwacho File History, na nyumbani mimi hukitanguliza kuliko programu za kununua. Chomeka diski. Kwenye Start andika Control Panel, ingia System and Security, kisha File History, ubofye Turn on. Kuanzia hapo, kila saa inatafuta mafaili yaliyobadilika na kuyanakili, na inatunza matoleo ya zamani pamoja na mapya. Ingia Advanced settings ubadilishe kitu kimoja: pale pa muda wa kutunza matoleo, ondoa Forever, weka Until space is needed, ili diski ikijaa ifute ya zamani badala ya kukwama.

Kwenye Windows 11 inanakili Documents, Pictures, Music, Videos na Desktop. Folda uliyojiwekea diski D haimo. Bofya kulia juu yake, Show more options, Include in library, uchague Documents, nayo itaingia. Cheti au risiti iliyoko Downloads ihamishe. Downloads ni mahali pa kupitia, si pa kuishi.

Nikieleza sababu ya kuipenda, narudi kwenye swali la mwanzo. Ichukue diski hiyo, ichomeke kwenye kompyuta ya jirani, fungua folda iitwayo FileHistory, shuka ndani. Utaziona folda zako kwa majina yake, na kila faili limeongezewa tarehe na saa mwishoni mwa jina. Ukibofya linafunguka. Hakuna programu ya kusakinisha wala kampuni ya kuomba ruhusa. Binti wa kidato cha tatu anaweza. Huduma za makampuni huja na kuondoka: CrashPlan ilifunga huduma yake ya bakapu ya watu wa nyumbani mwaka 2018, na Macrium Reflect ya bure, programu ya bakapu niliyokuwa naiweka kwa wateja, ilisitishwa mwanzoni mwa 2024. Nakala ya faili la kawaida haijali nani kafunga biashara.

Nakala ya mashine nzima, Windows na programu zote kwa pamoja, nyumbani si lazima. Tunza orodha ya programu unazotumia na namba za leseni ulizolipia, inatosha. Ila kama bado uko kwenye Windows 10, ambayo Microsoft ilimaliza kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, fanya bakapu kamili kabla fundi yeyote hajagusa mashine kuipandisha au kuifomati. Nasema yeyote, mimi nikiwemo.

Mwenye Mac kazi yake ni fupi. Chomeka diski, kubali iwe ya Time Machine, chombo cha bakapu cha Mac yenyewe, ukijua itafutwa yote kwanza. Mwenye Ubuntu, aina ya Linux, atumie programu ya bakapu ya Déjà Dup. Zote mbili ni nzuri, lakini kurudisha ni rahisi zaidi ukiwa na mashine ya aina ileile. Ukizichagua, hakikisha kuna ndugu au rafiki karibu mwenye mashine hiyo.

Ufunguo ambao hukujua unao

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea laptopu iliyokufa bodi. "Shikamoo mzee," nikampokea, nikaanza kumweleza gharama ya bodi. Akanikatiza: "Marahaba, mwanangu. Mashine sina shida nayo. Nataka picha za marehemu mama yao, basi." Nikatoa diski ya ndani, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu. Diski nzima kabisa, lakini kioo kikaniomba ufunguo wa tarakimu 48. Ilikuwa imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski.

Laptopu nyingi za Windows 11 zinafunga diski zenyewe mara tu unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo unatunzwa ndani ya akaunti hiyo. Ni kinga nzuri ukiibiwa. Tatizo ni kwamba akaunti ya mzee ilifunguliwa na kijana wa dukani siku ya kununua, na mzee hakuwahi kuliona nenosiri. Heri namba ya simu iliyotumika ilikuwa ya laini yake mwenyewe. Ujumbe wa kuthibitisha ukaingia kwenye kisimu chake cha tochi, tukaupata ufunguo, picha zikatoka zote.

Leo hii ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, sehemu ya vifaa, uutafute ufunguo huo na uuandike kwenye karatasi kwa mkono. Kama akaunti ilifunguliwa na mtu mwingine, badilisha nenosiri, weka namba yako ya simu. Karatasi hiyo itunze na hati za nyumba.

Wingu lina kazi yake, lakini lipigie hesabu

Diski ya nje ikikaa kwenye droo moja na laptopu, mwizi anaondoka na vyote viwili. Maji ya masika yakiingia ndani, vyote vinalowa. Hapo ndipo wingu, yaani kutunza mafaili mtandaoni kwenye kompyuta za kampuni, linaposaidia. Ila lipigie hesabu kwanza. GB 100 ni biti bilioni 800. Mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde bila kukatika utazimaliza kwa zaidi ya saa 44. Ukipandisha megabiti 1, ni zaidi ya siku tisa usiku na mchana. Na siku ya kurudisha, bando linaliwa tena.

Kwa hiyo mimi huwaambia wateja: wingu lipewe kile chembamba cha fungu la kwanza. Skani za vyeti, hati, hesabu za kikoba, utafiti wa chuo, na picha mia mbili au mia tatu ambazo mkiulizwa mtazitaja hizo. Google inatoa GB 15 bure, ila ukumbuke zinagawanywa kati ya barua pepe, Drive, na picha, na tangu mwaka 2024 hata bakapu ya WhatsApp ya simu za Android inakula humo humo. OneDrive na iCloud zinatoa GB 5 kila moja. Ile programu ya Windows iitwayo Windows Backup nayo inapeleka mafaili OneDrive, kwa hiyo kikomo chake cha bure ni GB hizo hizo 5. Wateja wengi wameona jina wakaamini kila kitu kimehifadhiwa.

Tena, folda inayolingana na wingu haitoshi kuwa bakapu peke yake. Mtoto akifuta faili kwenye laptopu, linafutika na kule juu. Linakaa kwenye kapu la taka siku 30, kwenye OneDrive na Google Drive vilevile, kisha linakwenda moja kwa moja. Akaunti ya Google isiyoguswa miaka miwili nayo inaweza kufutwa, kwa hiyo akaunti ya kutunzia picha za familia ifunguliwe mara kwa mara.

Siku ya kuchomeka

Usiiache diski imechomekwa muda wote. Mwezi Mei 2017 programu ya utekaji iitwayo WannaCry ilipita katika nchi zaidi ya 150 ikifunga mafaili ya watu na kudai malipo, na kirusi cha namna hiyo hakiishii kwenye kompyuta. Kinafunga na diski yoyote kinayoikuta imechomekwa. Diski iliyo kabatini hakiwezi kuigusa. File History inavumilia hali hii: diski ikiwa haipo inaendelea kukusanya mabadiliko kwa muda ndani ya kompyuta, na ukiichomeka inayamwaga.

Chagueni siku moja ya juma ambayo tayari ina utaratibu wake nyumbani, kwa mfano Jumamosi jioni baada ya nguo kuanuliwa. Chomeka, iache saa moja hivi, kisha itoe kwa kubofya Safely Remove, usivute waya tu. Weka alamu kwenye simu za watu wawili, si mmoja. Mwenye biashara afanye kila jioni anapofunga hesabu.

Uwezo ukiruhusu, nunua diski ya pili na ikae nyumba nyingine. Kwa dada, kwa mjomba, ofisini. Kila mwisho wa mwezi mnabadilishana: hii inakuja, ile inakwenda. Ndiyo kanuni ya 3-2-1 aliyoieneza mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja iwe nje ya nyumba. Ukiwa na laptopu, diski ya kabatini na diski kwa dada, pamoja na vyeti vyako kwenye wingu, umeshafika. Hizo diski zinazotembea zifunge kwa nenosiri, na nenosiri liandikwe kwenye ile karatasi ya ufunguo.

Mwache mwingine ajaribu

Ukishamaliza kupanga, mwite yule uliyemtaja mwanzoni. Mpe diski na kompyuta ambayo si yako, umwambie: "Nitafutie picha za Idi ya mwaka jana, na hesabu za kikoba kama zilivyokuwa mwezi uliopita." Kaa pembeni, usiguse mausi. Atakapokwama, hapo ndipo penye kazi: labda folda haikuingia kwenye orodha, labda nenosiri halijaandikwa, labda waya wa USB umelegea. Rekebisha, mrudie tena baada ya miezi mitatu. Afungue mafaili yenyewe, mwanzo, katikati na mwisho wa orodha, kwa sababu jina kuonekana si ushahidi.

Andika tarehe ya kununua kwa kalamu ya wino mzito juu ya kasha la diski. Hapa pwani, hewa ya chumvi na unyevu havina huruma na chuma. Itunze kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, mbali na dirisha. Na siku utakayosikia inagonga tik, tik, tik, kisha kimya, kisha tik tena, ichomoe. Usiilazimishe kusoma mara ya pili. Maadamu kompyuta bado ni nzima, nunua diski nyingine, ipime, na uanze nakala mpya kutoka kwenye kompyuta jioni hiyohiyo.